Mgeni wa Koku

Watanzania wa Minneapolis na Saint Paul, kule Marekani, wakipata mgeni kutoka nyumbani, hawajiulizi mara mbili nani atamtembeza. Ni Redempta. Awe askofu, awe shemeji wa mtu, awe mwanafunzi aliyeshuka jana na koti la kuazima, Redempta atamfuata asubuhi na Toyota yake. Atampeleka kwenye maporomoko ya Minnehaha, atampandisha ngazi za kanisa kuu la Saint Paul, atamlisha samaki Stillwater kando ya mto. Mgeni akiwa na siku ya ziada, basi atamkimbiza mpaka Duluth akaone ziwa lisilo na ng'ambo, na kumrudisha jioni akiwa hoi, kalala mdomo wazi kwenye kiti cha mbele. Kwake mgeni hakai ndani. Watu walimsifu kwa ukarimu huo, naye alizipokea sifa huku ameinamisha kichwa.

Mkarimu alikuwa, hilo halina ubishi. Lakini mgeni anayekaa ndani hupewa chai, akishapewa chai huanza kukagua picha ukutani, na akishakagua picha huuliza: huyu binti ni nani, yuko wapi sasa, mmeonana lini? Redempta alikuwa radhi kuendesha gari kutwa nzima juu ya barafu kuliko kujibu swali hilo la mwisho.

Binti wa kwenye picha ni mwanawe Kokushubira, Koku kwa ufupi. Redempta alimwacha kijijini Kamachumu kwa bibi yake akiwa na miaka saba, yeye akaja Marekani kusoma. Alisema atarudi akimaliza. Alipomaliza akapata kazi, kazi ikaleta karatasi za ukaazi, karatasi zikakwama, na mwanasheria akamwambia wazi kwamba akitoka nje ya nchi asitegemee kurudi. Koku akaombewa viza, akanyimwa, akaombewa tena, akanyimwa tena. Mwishowe mtoto akajitafutia njia: akapata nafasi ya kusomea udaktari wa meno Riga, mji mkuu wa Latvia, kule juu kwenye bahari ya Baltiki, mahali ambapo hakuna mtu katika ukoo wao aliyewahi hata kupatamka. Bibi akafa. Na majira ya baridi yaliyopita, baada ya miaka kumi na minne, karatasi za Redempta zikatoka.

Tiketi ilikuwa ya mwezi wa Mei. Kuanzia Machi, kila alipotoka kazini kwenye maabara ya hospitali pale Maplewood, Redempta alivua viatu, akajitupa kwenye kochi na kuanza kusoma habari za Riga. Alisoma mpaka akawa anaujua mji huo kuliko watu waliozaliwa humo. Alijua soko kuu limo ndani ya mabanda yaliyojengwa kwa ajili ya maputo makubwa ya kivita. Alijua treni ya Jurmala, kwenye fukwe, inachukua nusu saa, na kwamba Sigulda kuna bonde la mto na kibanda kinachopita angani juu ya waya. Alijua Cesis kuna ngome ya zamani, Rundale kuna jumba la kifalme lenye bustani, na Kemeri kuna kinamasi unachokivuka juu ya mbao. Kila siku ya safari aliipa mahali pake: asubuhi kwenda, jioni kurudi, kesho kwingine. Alipomaliza akapiga picha ratiba yote na kuituma Riga.

“Sawa, mama. Asante sana,” Koku akajibu.

Velma, nesi Mkenya aliyekaa mlango wa pili kwenye jengo lao, alikuja kuazima kitunguu, akaiona ratiba, akasahau kitunguu.

“Redempta, hii si vacation, hii ni training ya jeshi! Ati Tallinn? Hiyo si Estonia? Mnaenda nchi ingine na kurudi same day? Kwani nani anawafukuza?”

“Basi linachukua saa nne na kitu tu, dada. Nimeangalia.”

“Na kulala mtalala saa ngapi? Ku-chill je?” Velma alizidi kushusha kidole kwenye simu. “Na hii nayo? Nyumba ya Vichwa Vyeusi! Woi! Walikujengea nyumba kabla ufike!”

“Ni chama cha wafanyabiashara wa zamani. Mtakatifu wao alikuwa mtu mweusi.”

“Aya, msalimie.” Velma akacheka, kisha akamtazama rafiki yake, na kicheko kikamkauka. “Lakini seriously. Huyo mtoto mtaongea saa ngapi?”

Redempta akasema wataongea kwenye treni. Akampa Velma kitunguu kizima na kingine juu yake, ili aende.

Ukweli ulikuwa kwamba aliogopa. Aliogopa vibaya sana, woga wa kumkosesha usingizi. Kwa miaka yote hiyo mazungumzo yao ya simu yalikuwa yaleyale: shikamoo mama, marahaba, shule je, nzuri mama, umekula, nimekula mama. Koku hakuwahi kudai kitu, hakuwahi kununa, hakuwahi kumwambia mama yake hapana. Watu walimwambia ana bahati ya mtoto mwenye adabu. Redempta mwenyewe alijua adabu ya namna ile mtu humwekea nani. Alijiona amefika kwenye kile chumba cha Riga, mizigo imeshushwa, salamu zimekwisha, na wanawake wawili wasiojuana wamekaa kitandani wanatazama ukuta. Ndiyo maana hakuacha siku hata moja tupu.

Jumamosi moja kabla ya safari akapata mgeni. Naftali, mdogo wa baba yake, alikuwa amekuja kutoka Bukoba kumsalimia mwanawe Jairus anayefanya kazi Golden Valley. Jairus alikuwa kazini hata Jumamosi, kama kawaida yake, kwa hiyo Redempta akamfuata mzee na kumpeleka Stillwater. Theluji ilikuwa imekwisha, mto umejaa pomoni, na watu wametoka na mbwa wao na aiskrimu kana kwamba joto limeshafika. Redempta akaegesha gari kando ya maji, akafungua mlango.

“Tushuke, baba mdogo. Kuna daraja la zamani lile pale.”

“Nimeliona.”

“Tukalikanyage basi.”

“Magoti yangu hayataki daraja,” alisema Naftali, akajifunika vizuri na skafu ya Jairus. “Jana Jairus kanipeleka dukani, juzi kanipeleka bustani yenye vioo, na kesho eti kanisani kisha makumbusho. Tangu nimefika nchi hii sijakaa. Funga mlango, mwanangu, baridi inaingia. Tukae.”

Redempta akafunga mlango. Hakuwa na la kufanya na mikono yake, akaushika usukani ingawa injini imezimwa.

“Na Koku?” mzee akauliza. “Mmeonana lini?”

Lilikuwa swali lake alilolikimbia miaka yote, na sasa limempata mahali pa kuegesha magari. Akajibu. Akasema hawajaonana tangu aondoke, ila wiki ijayo anakwenda, na akaanza kumsomea mzee ratiba, Jurmala, Sigulda, Cesis, haraka haraka. Naftali alisikiliza kidogo, kisha akaanza kucheka peke yake.

“Mtoto yule! Aliwahi kunichekesha siku moja. Unajua likizo alikuwa anakuja kwetu Bukoba mjini. Sasa mama yako mdogo, wajua alivyo, anamwekea kile kiti cha vitambaa, anampa soda peke yake. Tulisema huyu mama yake yuko Marekani, anatukumbuka kila sikukuu, tusimchoshe mtoto wake. Wenzake wanachota maji, wanamenya ndizi, yeye katulia kwenye kiti. Sasa alfajiri moja natoka nje, nasikia ufagio. Giza! Namulika tochi, ni Koku, keshafagia uwanja wote mpaka kwenye migomba. Namuuliza, wewe, nani kakutuma? Ananiambia, ‘Hakuna, babu. Wenzangu mnawatuma, mimi hamnitumi.’” Mzee akajifuta macho. “Wenzake wanakwepa kazi, yeye anaiba kazi! Nilicheka siku hiyo.”

Redempta hakucheka. Alimwona mtoto wake na ufagio gizani, anaiba kazi ili awe wa nyumba ile. Hakuna mtu asiyejua kwamba anayetumwa, anayegombezwa na kuitwa kwa sauti kutoka jikoni, ndiye mwenyeji, na anayekalishwa kwenye kiti cha vitambaa ni wa kuja na kuondoka. Na yeye, mama mzazi, alikuwa amefanya nini? Amemwandalia kiti cha vitambaa kingine, kirefu kutoka Riga mpaka Tallinn.

“Baba mdogo, nisubiri kidogo,” akasema, akashuka na simu.

Riga ilikuwa jioni. Simu ikaita muda mrefu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kelele gani hizo?”

“Treni, mama. Natoka Cesis.”

“Cesis? Si tutakwenda wote?”

“Ndiyo, mama. Nilikwenda kuangalia kwanza.” Koku aliongea kwa ile sauti yake ya kutoa ripoti. “Ngome ipo, na kwenye mnara wanakupa taa ya mshumaa upande nayo, lakini ngazi zimelika, nimeona goti lako litasumbua. Labda wewe ukae chini, kuna benchi. Sigulda nilikwenda Jumamosi iliyopita. Kile kibanda cha waya, upepo ukiwa mkali hakiendi, kwa hiyo tupige simu kwanza. Jurmala ni rahisi, nimeshajua vyoo viko wapi. Rundale bado.”

“Goti langu? Nani kakwambia habari za goti langu?”

“Ulimwambia bibi kwenye simu. Zamani. Nilikuwa nasikiliza.”

Redempta akaegemea ukuta wa mto. Binti yake alikuwa anazunguka nchi ngeni peke yake, Jumamosi baada ya Jumamosi, anatafuta vyoo na mabenchi ya mgeni wake.

“Na Tallinn,” Koku akaendelea, “nikimaliza mtihani wa Jumanne nitakwenda.”

“Una mtihani Jumanne?”

“Ndiyo, mama. Wa anatomia.”

“Na wewe uko kwenye treni!” Sauti ilimtoka Redempta bila kuomba ruhusa, sauti ya mama yake mwenyewe, ya kusikika mpaka nyumba ya tatu. Mzungu mmoja na mbwa wake wakageuka. “Mtihani Jumanne, leo Jumamosi, wewe unakwenda kukagua ngazi! Una akili kweli?”

Redempta akaziba mdomo kwa mkono, akijua kwamba ameharibu.

“Samahani, mama,” Koku akasema, na ile sauti ya ripoti ilikuwa imevunjika. “Nilitaka yote yaende sawa. Niliona umepanga kila siku, nikasema kumbe hutaki tukae bure. Nikafikiri tukiwa tunatembea, hutanichoka.”

“Nikuchoke wewe?”

“Hunijui, mama.”

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayetaja saa.

“Ni kweli, sikujui,” akasema Redempta. “Nilizipanga safari zile kwa sababu naogopa, Koku. Naogopa tukae chumbani nikose la kukwambia. Hakuna kingine. Latvia yenyewe mimi sina haja nayo.”

“Hata mimi naogopa.”

“Basi tutaogopa wote humo humo ndani. Tutakwenda Jurmala siku moja, kwa sababu vyoo umeshavijua. Zilizobaki tunakaa. Umesikia?”

“Sawa, mama.”

“Umekula?”

“Nimekula, mama.”

Hapo ndipo kila siku walipomalizia. Redempta akavuta pumzi. “Umekula nini?”

“Biskuti.”

“Tangu asubuhi?”

“Na chai.”

“Sasa nisikilize. Hapo stesheni ukishuka pana duka?”

“Lipo.”

“Ingia, ununue mayai na mchele na mboga yoyote ya majani. Ukifika upike, ule, unipigie nione sahani. Halafu ufungue daftari la anatomia.”

Akasubiri ile sawa mama. Badala yake ikaja sauti ambayo hajawahi kuisikia, nyembamba, ya kulalamika, inavutwa kutoka puani.

“Aa, mama, jamani! Na nilivyochoka hivi? Si kesho?”

Machozi yalimmwagika Redempta pale kando ya mto, mbele ya watu na mbwa wao, naye hakuyazuia, ila sauti aliijaza ukali wote aliokuwa nao.

“Kokushubira! Mimi ni mama yako, nimesema leo.”