Bomba la Mama Nandutu

Nasuru alitoka Jinja na kanzu mpya, shangazi yake Babirye, na moyo usiojua kurudi nyuma. Alikuwa mtu wa mtaa wa Mafubira, muuza spea za baiskeli karibu na soko, na pale sokoni ilijulikana kwamba ukianza kubishana naye asubuhi, utafunga duka bado anakujibu. Jumapili hiyo ya mwaka wa tisini na sita alikuwa anakwenda Mbale kwa jambo moja tu: kumsikia mama yake Nandutu, msichana aliyemchumbia, akikubali.

Baba wa msichana alikwisha kubali. Mzee Mafabi, muuza chumvi na sukari kwa jumla, alimpenda kijana huyu tangu siku ya kwanza. Lakini katika nyumba ile neno la baba lilikuwa mlango, na neno la mama lilikuwa ufunguo. Na mama, kila akiulizwa, alijibu vilevile: "Watu wa Jinja ni mdomo. Binti yangu haolewi na mdomo."

"Leo unyamaze," Shangazi Babirye alimwonya waliposhuka kwenye basi. "Msemaji ni mimi. Wewe kaa kama picha."

"Picha haitoki jasho, Shangazi. Mimi hili joto litanisema."

"Unaona? Hata hatujafika!"

Walipokelewa ghorofani, juu ya duka la mzee, katika moja ya nyumba za zamani walizojenga Wahindi. Mkeka ulitandikwa, pilau likaja, sahani zikarudi jikoni tupu. Nandutu alikuwa chumbani, wenzake wanampamba. Mama yake hakuonekana. Alikuwa jikoni, nyuma ya pazia, na sufuria ndizo zilizokuwa zikimsemea: kwa jinsi zilivyogongana, hakuna aliyehitaji kuuliza hali ya moyo wake.

Shangazi Babirye akakohoa, akaanza hotuba. Alikuwa bado anasifu ukoo wakati mchukuzi wa dukani alipopiga kelele kutoka chini.

"Mzee! Chumvi inalowa!"

Wote wakakimbilia roshani ya nyuma. Hapo bomba la maji machafu lilitoka kwenye sinki la jikoni, likapenya ukutani, likapiga kona kwenye kiwiko, kisha likashuka hadi mtaroni. Kiwiko kilikuwa na ufa. Maji ya vyombo, yenye mafuta na punje za mchele, yalitiririka ukutani yakaingia kwenye tundu la hewa la stoo, moja kwa moja juu ya magunia ya chumvi.

Mzee Mafabi akavua kofia, akatoa kitambaa chake, akakifunga kwenye ufa. Kitambaa kikalowa, kikaanza kudondosha maji zaidi ya mwanzo.

"Nilishaziba mimi!" sauti ya Mama Nandutu ilitoka upande wa pili wa ukuta. "Asubuhi nimesukuma kipande kizima cha sabuni, kikashika vizuri kabisa."

"Halafu ukamwaga maji ya moto?" Nasuru aliuliza.

"Mafuta ya pilau yanaoshwa na nini, mate?"

"Basi sabuni imefanya kazi ya sabuni, Mama. Imeoga, imekwenda zake."

Watu wakacheka. Shangazi Babirye akamfinya mkono. Jikoni sufuria moja ikawekwa chini kwa kishindo.

"Huyo ndiye mwenye mdomo?" mama aliuliza.

"Ndiye," Babirye alikiri. "Lakini Mungu alimpa na mikono."

"Mikono sijaiona."

Neno hilo lilimchoma Nasuru palepale. Maduka ya vifaa yalikuwa yamefungwa, na fundi wa mtaa alikuwa amekwenda Soroti. Sinki lilikuwa limejaa, kizibo chake kilipotea zamani, na chini chumvi ilikuwa inageuka uji. Nasuru akapandisha kanzu, akaikunja kiunoni.

"Bwana harusi hafanyi kazi ukweni!" shangazi akashika kichwa.

"Sijawa bwana harusi bado."

Alirudi sebuleni, akafungua kikapu cha zawadi alichokuwa amekifunga mwenyewe kwa vipande virefu vya tyubu ya baiskeli, akavichukua vipande hivyo. Akaomba kipande kingine cha sabuni na konzi ya majivu, akavikanda pamoja mpaka vikawa kama donge la chapati. Kitambaa cha mzee alikitupa. Kwa kuwa kwenye maji hakuna kitu kinachoshika, akalikausha bomba kwa pindo la kanzu yake mpya, shangazi akifumba macho asione. Akasukuma sabuni na majivu ndani ya ufa. Kisha akaanza kuzungusha tyubu chini ya ufa, akipanda nayo juu, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia, akiivuta hadi mishipa ya mkono ikamtoka.

Lakini kila alipovuta, bomba zima lilimfuata nje, ufa ukapanuka, kazi ikaharibika. Alihitaji mtu wa kulishikilia kwa ndani.

"Jikoni kuna nani?" aliuliza.

"Mimi peke yangu," mama akajibu.

"Basi naingia kulikaza."

Alipiga hatua moja tu kuelekea mlango wa jikoni. Sufuria ikaanguka.

"Simama hapohapo! Usiingie! Unataka tupate laana? Tangu lini mkwe akaonana na mama mkwe wake?"

Nasuru akarudisha mguu.

Wasoga wa Jinja na Wagisu wa Mbale hubishana juu ya mengi, lakini hili ni moja kwao wote: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja. Wakivunja mwiko huo, wazee husema mikono yao itatetemeka mpaka kaburini. Lakini mwiko huo ni wa mkwe. Muuza spea hafichwi. Fundi hafichwi. Mdomo kutoka Jinja haukimbiwi nyuma ya pazia.

Shangazi Babirye alifungua kinywa. Nasuru akamwahi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mama, kama mimi ni mgeni tu, fungua pazia. Nitaingia kama fundi yeyote, tutashika bomba pamoja, kisha nitapanda basi na hutaniona tena. Lakini kama hapa kuna mkwe, mkwe atabaki nje, na wewe utashika kwa ndani. Chagua. Mimi yote mawili nayaweza."

Hakuyaweza yote mawili. Moyo ulimpiga kama mwiko kwenye sufuria ya ugali. Pazia lile likifunguka, Nandutu amekwenda. Lakini neno lilikwisha toka, na yeye hakuwa mtu wa kumeza neno lake. Alisimama, mkono juu ya bomba, maji yakimlowesha vidole. Mzee Mafabi alitazama sakafu.

Pazia likatikisika. Likatulia.

Halafu bomba likavutwa ndani kwa nguvu, likakaza, likatulia mkononi mwa Nasuru kama mti uliopandwa.

"Nimeshika," ilisema sauti. "Funga. Usinichoshe."

Nasuru akafunga. Sasa mama hakusema naye tena; alisema na bomba.

"Wewe bomba, mwambie huyo avute taratibu, asinipasulie sinki."

"Wewe bomba," Nasuru alijibu, "mwambie mama asukume kidogo kushoto. Hapo. Mwambie ana nguvu kuliko vijana wa Jinja wote."

"Mwambie sifa aweke, afunge!"

"Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta," Babirye alimnong'oneza mzee. "Leo ukuta ndio umetuzibia ufa."

Fundo la mwisho likakazwa. Mama akamwaga maji ya moto, birika zima. Wote wakainama. Tyubu ikatuna kidogo, ikatulia, na chini mchukuzi akapaza sauti kwamba ukuta hautiririki tena.

"Hiyo ni dawa ya siku chache," Nasuru alisema, akishusha kanzu yake iliyojaa majivu. "Mpira huchoka. Kinatakiwa kiwiko kipya."

 Sahani moja ikaoshwa, ikawekwa. Nyingine ikaoshwa, ikawekwa.

"Wewe bomba," Mama Nandutu akasema hatimaye, "mwambie mkwe wangu Jumapili ijayo aje na kiwiko na shehe. Kiwiko kitangulie."