Namba ya Vihingo

Mimi ni admini wa grupu la wafugaji wa kuku, lenye namba za simu arobaini na tatu kuanzia Kongowe ya Kibaha hadi Vihingo kule Kisarawe. Cheo chenyewe hakina mshahara, kina lawama tu. Na hasira zangu ziko karibu, sifichi.

Iliyoziwasha ni namba moja ya Vihingo, yenye jina Mwishehe. Asubuhi ilikuwa haina mfano: salamu kwa wote, kisha ushauri wa vifaranga wanaotetemeka na kuku anayeshusha mbawa. Ikifika mchana inageuka pilipili. "Nyie wa mjini mnafuga kuku au mnafuga picha?" Telesphory wa Kongowe alipotuma picha ya banda lake jipya, akajibiwa, "Banda zuri. Hamia wewe, kuku waache nje."

Telesphory akanipigia. "Evaline, mtoe huyo au natoka mimi."

Jumatano mchana nikamtoa. Nilijisikia vizuri sana, nikaenda kunywa chai.

Ijumaa asubuhi nilikuwa napanga orodha ya chanjo ya kideri. Chupa moja inatosha kuku wengi, na ikishafunguliwa haingoji kesho, kwa hiyo sisi huchanja wote siku moja. Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Nikarudi kwenye meseji za nyuma kutafuta anayehitaji kule Vihingo, nikakuta hii ya Jumatano asubuhi, kutoka namba ile ile: "Asalaam alaikum wapendwa. Kideri cha mwaka jana kiliniachia kuku thelathini tu. Kwenye chanjo naomba msinisahau."

Nikazisoma zote, za miezi mitatu. Za asubuhi hazikuwahi kukosa salamu. Za mchana hazikuwahi kusalimia hata siku moja. Wa asubuhi alizungumzia kuku, wa mchana alizungumzia watu. Mtu hubadilika, lakini habadiliki kwa kufuata saa. Aibu ikanishika, nikapiga.

"Haloo," ikaitika sauti ya mama mtu mzima.

"Shikamoo mama. Mimi Evaline, wa grupu la kuku."

"Marahaba mwanangu! Mimi Mwanamkuu. Tangu juzi naandika haziendi, nikajua nimewaudhi."

Nikamuuliza simu ni ya nani.

"Ya mume wangu, Mwishehe. Asubuhi akienda shamba ananiachia, akirudi anaichukua. Kwani kaandika nini tena? Maana akishatuma huwa anafuta humu kwenye simu."

Nikamsimulia. Alicheka mpaka akakohoa. "Sasa mwanangu, ukimtoa yeye, na mimi umenitoa. Na kuku wangu je?"

Nikamwomba samahani. Nikairudisha namba, nikamwandika kwenye orodha, nikaweka sheria mpya kwa wote: kila meseji ianze na jina la anayeandika. Telesphory akabisha kwamba namba inatosha. Nikamwambia imeshatupotosha mara moja.

Jumamosi bodaboda alifikisha chanjo Vihingo kabla ya saa tatu, ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu. Saa nane mchana namba ile ikaandika. Nilishika kichwa kabla sijasoma.

"Mimi Mwishehe. Habari za mchana. Kuku wa mke wangu wamechanjwa wote thelathini. Niliwashika mwenyewe, jogoo kanidonoa."

Watu wakacheka, wakampa pole, naye akashukuru. Ni kazi kumtukana jirani ukishatanguliza jina lako.

Baadaye kidogo ikaingia meseji kutoka namba ya Telesphory: "Mimi Stellamaris, mke wa Telesphory. Shikamooni wakubwa. Kuku wa hapa ni wangu, na maswali yote ya chakula nilikuwa nauliza mimi. Nafurahi tumefahamiana."

Baada yake wakafuata wengine wanaochangia simu. Hadi jioni tulikuwa watu hamsini na saba, na hakuna namba hata moja iliyoongezeka.