Ngazi ya Bata

Mtaani walimwita Pimamaji, na jina hilo alilivaa kama joho. Alikuwa seremala asiyekubali kwamba ubao umelala sawa mpaka kile kipovu cha ndani ya pimamaji kitulie katikati. Na kwa kuwa kipovu hakikuwahi kumsuta, alihesabu kwamba binadamu nao hawana haki hiyo.

Fahari yake mpya ilikuwa banda la mama mkwe wake. Alilijenga kwa mbao za makreti yaliyotupwa nyuma ya maghala, mabati ya paa lililobomolewa na bawaba za mlango uliokwisha kazi. Lilisimama juu ya miguu mirefu kimo cha kifua, unyevu usipande na ufagio upite chini. Kuku na bata aliwaweka pamoja, maana mapaa mawili ni gharama mbili, na wote akawapa ngazi moja. Kwenye lango la karakana akatundika kibao: NYUMBA NAFUU ZA KUKU NA BATA. Aliyetaka kuona kielelezo alielekezwa uani kwa mama mkwe.

Kila asubuhi, akielekea kazini, Pimamaji alipita pale akafungua mlango wa banda mwenyewe. Kuku waliruka, bata waliteleza ngazini wakatua kwa makelele kama abiria walioshushwa njiani, naye akaondoka ameridhika. Jioni hakupita hata mara moja. Nyumba inayotoa wakazi wake salama asubuhi, aliamini, bila shaka iliwapokea salama jioni.

Asubuhi hiyo alikuta manyoya meupe yametapakaa chini ya banda. Bata jike, mama wa vifaranga, hakuwapo. Mama mkwe alikuwa ameketi kizingitini, kifundo cha mguu kimefungwa kitambaa, na mbele yake jirani mshona viatu alikuwa akifoka. Mbwa wake mzee alijilaza nyuma ya visigino vyake.

"Mbwa wangu? Huyu? Mama, huyu hata mfupa nikimtupia huunusa tu akaniachia mwenyewe!"

"Nilisikia kishindo, jirani. Na mwenye mbwa hapa ni wewe peke yako."

"Basi kila kishindo cha mtaa huu ni changu!"

"Sigombani nawe, baba. Nasema nilichosikia." Alisema hivyo bila kumtazama mkwewe.

Mshona viatu alishusha pumzi. "Sawa. Tumezikana, tumeuguzana, sitavunja ujirani kwa ajili ya mkia. Jioni rafiki yangu wa lori anapita, atamchukua akamwache mbali huko. Mbwa wa umri huu, ukimtupa asikokujua, unajua kitakachomkuta. Lakini umenionea, mama."

Walipotawanyika, Pimamaji aliinama kuchunguza. Chini ya ua palikuwa na tundu lisiloweza kupitisha hata kichwa cha mbwa, na ukingoni mwake yalinasa manyoya. Kicheche. Kisha akaitazama ngazi. Matope ya nyayo za bata yaliishia kwenye kipago cha kwanza, yakakwaruza, yakarudi chini. Na nyuma ya mguu wa banda, kimesukumwa kisionekane, kilikuwapo kigoda cha jikoni.

Mkewe, aliyekuja kumfulia mama yake, alitokea na beseni la nguo.

"Kigoda hiki kinafanya nini huku?"

"Muulize mama."

"Nakuuliza wewe."

Mkewe alitua beseni. "Mama hukipanda kila jioni, akawainua bata mmoja mmoja kuwatia ndani. Bata hapandi ngazi, mume wangu. Juzi kiliyumba, akateguka. Jana hakuweza, nami sikuwapo."

"Na hamkuniambia!"

"Alikuambia siku ya kwanza. Ulimjibu nini?"

Alikumbuka. Mama mkwe alisema kwa upole wa mtu anayezungumza na mkwewe: "Baba, bata ni mzito wa nyuma, hapo hatapanda." Naye, bila kushusha nyundo, akajibu: "Mama, wewe fuga. Fundi ni mimi." Mama akasema haya. Tangu hapo alilibeba neno hilo mikononi, jioni baada ya jioni, likiwa na mabawa na kucha, ili mkwewe asiaibike mbele ya wateja. Na jana alishindwa kulibeba, leo akamtwisha mbwa.

Kutwa nzima karakanani kipovu kilitulia katikati, yeye asitulie. Mbwa ni mzee, alijiambia, na mzee hufa popote. Wazo hilo likamchoma kuliko kosa lenyewe, maana mama mkwe pia alikuwa mzee.

Jioni alipofika, muuza mitumba wa kona ya pili alikuwa uani akilizunguka banda.

"Na bata wanapanda wenyewe?"

"Wanapanda vizuri tu," mama mkwe alijibu. "Hata huhitaji kuwaswaga."

Nje lori lilipiga honi. Juu ya ua Pimamaji alimwona mshona viatu akimfunga mbwa kamba shingoni, taratibu, kama amfungaye mtoto skafu.

"Hawapandi," Pimamaji alisema.

Wote wakageuka.

"Bata hawajapanda ngazi hii hata jioni moja. Aliyemla bata ni kicheche, na aliyemwacha nje ni mimi. Jirani, mfungue mbwa."

"Umejua lini?" aliuliza mshona viatu.

"Asubuhi."

"Asubuhi! Na mimi kutwa namlisha chakula cha kuagana?"

Muuza mitumba alicheka kwa mguno. "Kumbe nyumba nafuu, fundi, ila mtumishi wa kupandisha bata, mnunuzi anajitafutia mwenyewe!"

Mama mkwe alikuwa ameshika mwimo wa mlango. "Ungeniita kando kwanza, baba. Sasa mimi ndiye mwongo, mbele ya mtu niliyezikana naye."

Pimamaji alidhani ukweli ungemsafisha. Kumbe umemwagikia mama.

"Uongo huo ni wangu, mama. Wewe uliubeba tu, kama ulivyowabeba bata."

"Mdomo ulikuwa wangu," alisema, akamgeukia jirani. "Nimekukosea."

Mshona viatu aliizungusha kamba kiganjani. "Mguu ukipona, njoo umwombe radhi mwenyewe," alisema, akimwonyesha mbwa kwa kidevu. Hakutabasamu. Lori likaondoka tupu.

Pimamaji alichukua msumeno, akaikata miguu ya banda ikawa mifupi, mpaka mlango ukakaribia ardhi. Kile chombo chake cha kipovu alikuwa amekiacha karakanani, na hakurudi kukichukua. Banda likakaa limeinama kidogo upande mmoja. Kuku waliingia. Bata wakubwa wakaingia kwa miguu yao wenyewe, kama watu waendao kwao. Lakini vifaranga waligoma. Walisimama palepale penye manyoya, wakilia.

Alipiga magoti, akawaokota mmoja mmoja kwa viganja viwili, akawatia ndani. Mama mkwe alimtazama kutoka kizingitini mpaka wa mwisho.