Nusu Kidole cha Maji

Katika shule yangu ya bweni nimekiri makosa mengi, na yote niliyatenda. Hili ndilo la kwanza nililokiri bila kulitenda, na nilikuwa likizo kwa Bibi.

Mjomba aliipaka roshani ya juu, ndogo kama kitanda, matabaka matatu ya dawa ya kuzuia maji. Chini yake ni chumba cha Bibi, na Bibi alikuwa amechoka kulala na beseni la kukinga matone. Jipsamu za dari zilikuwa tayari zimeegemezwa ukumbini. Lakini jipsamu ikilowa huwa uji, hivyo roshani ilipaswa kwanza kufanya mtihani. Mjomba aliziba tundu la kutolea maji, akajaza maji, akachora mstari wa penseli ukutani.

"Mpaka kesho yasishuke," alisema. "Atakayepanda huku, mimi na yeye. Hata wewe, Mama. Ukianguka tena na goti hilo, ngazi naitia mlango na kufuli."

Asubuhi maji yalikuwa yameshuka nusu kidole. Mjomba alichuchumaa akiutazama mstari kama anayesoma barua ya msiba.

"Mbona chini kukavu?" nikauliza.

"Yamejificha kwenye zege. Yatatoka tu siku Mama amelala. Nabandua matabaka yote." Akachukua patasi.

Sasa, mimi alfajiri nilikuwa nimemwona Bibi akishuka ngazi kwa makalio, kipandio kwa kipandio, ndoo mapajani, mara mbili. Bibi hawezi kuona maji yamekaa bure. Tayari kanga zake zilikuwa kwenye kamba, zikidondosha ushahidi.

"Mwanangu..." Bibi alianza, akiwa chini ya ngazi, mkono kwenye goti.

"Ni mimi, Mjomba," nikawahi. "Nimechota ndoo mbili."

"Za nini?"

"Nilitaka kuona sura yako ukidhani inavuja."

Hakuna aliyeshangaa. Sifa mbaya nayo ina siku yake.

Mjomba aliketi chini, patasi mkononi. "Yaani haivuji?"

"Haivuji."

"Haivuji!" Akacheka, akajifuta macho, ndipo akakumbuka kunivuta sikio. "Jaza mpaka kwenye mstari, ukae hapahapa uyalinde. Yasiposhuka, kesho Mama anapata dari."

Bibi alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa. "Mtoto huyu, sijui kamrithi nani!"

Kisha akanirushia mto wa kukalia, ule anaolazia goti lake.