Muvi za Kwenye Friji

Deogratias, mwenye kibanda cha kuuza muvi karibu na stendi ya Mpanda, alikuwa hamwelewi Kabula hata kidogo. Wanawake wenzake wa Ilembo wakileta flashi walitaka za Kikorea na za Kituruki, mapenzi na mawifi wenye roho mbaya. Huyu, mama mzima, fundi cherehani, mke wa mwalimu, alitaka zile za Sweden na Norway, ambako mchana ni giza, watu hawacheki, na dakika tano za mwanzo hazijaisha kuna maiti imeganda ziwani kama samaki wa dukani. Deogratias aliziita muvi za kwenye friji. Siku moja alimuuliza kama nyumbani kwake kuna joto kiasi hicho.

Kabula akalipa, akachukua flashi yake. Angemwambia nini? Kwamba hakuna kitu kitamu kama kuona mtu mmoja tu, tena pengine kikongwe asiye na mbele wala nyuma, anakufa na nchi nzima inasimama? Huko mpelelezi mwanamke, nywele timtim, ndoa imemshinda, halali sehemu kumi nzima kwa ajili ya marehemu ambaye hawakuwahi hata kusalimiana. Anapiga magoti kwenye theluji aokote unywele mmoja, anautia kwenye mfuko kama mtu aliyeokota dhahabu. Hapo ndipo Kabula alipokuwa akilia. Mumewe Audace, ambaye alimsomea maandishi ya Kiingereza ya chini ya kioo na kumtafsiria, alidhani anamhurumia marehemu wa watu. Kabula alikuwa analia kwa wivu.

Mama yake, Nyanzala, alikatwa mapanga miaka minne iliyopita ndani ya nyumba yake, kijijini, njia ya Inyonga. Watoto wawili wa Manyanda, mdogo wake Kabula wa kiume, walikuwa wamekufa kwa homa ndani ya mwezi mmoja, na mganga akasema mbaya wao yumo humohumo kwenye kaya na macho yake ni mekundu. Macho ya Nyanzala yalikuwa mekundu, ndiyo. Mwanamke amepuliza kuni mbichi miaka hamsini, mlitaka macho yake yawe rangi gani?

Simu ilimfikia Kabula alfajiri, na saa nne alikuwa ameshafika kwa pikipiki. Maiti ilikuwa imetolewa nje, imefunikwa shuka. Wanawake walimngojea na ndoo ya udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, kwa sababu kwao watu hawakai msiba juu ya damu, na mtoto wa kike wa kwanza ndiye anayesiriba sakafu ya mama yake. Ni heshima yake. Hakuna anayeigombea na hakuna anayeikataa. Kabula akaingia peke yake, akapiga magoti, na pembeni ya mtungi wa maji akauona unyayo wa kiatu cha katambuga umekaukia kwenye damu. Ulikuwa wa mguu wa kushoto, na kisigino kilikuwa kimeungwa kwa kipande cha tairi la baiskeli. Alikijua kisigino kile. Manyanda alikiunga mwenyewe, yeye Kabula akimshikia taa.

Aliutazama kwa muda mrefu. Nje Manyanda alikuwa analia kwa sauti kuliko wote, miguu mitupu. Angetoka na kusema alichokiona, ungepigwa mwano, ule ukelele wa kuitana, na wanaume wa kijiji kizima wangekuja na fimbo zao. Kabla ya saa sita nyumba ile ingekuwa na makaburi mawili. Akajiambia polisi watakuja, wao ndio wenye kazi yao, watajua wenyewe. Kisha akachota udongo, akaupaka juu ya ule unyayo, akausawazisha kwa kiganja mpaka michirizi ikalala vizuri kama alivyofundishwa na mama. Polisi walifika jioni. Walikuta sakafu safi, wakauliza nani kasiriba, akasema ni yeye, wakaandika. Katika faili lile, hilo ndilo jambo pekee lililokuwa na uhakika.

Hakumwambia mtu, hata Audace. Lakini kadiri alivyozitazama zile muvi ndivyo alivyozidi kujichukia, kwa kuwa huko alijifunza kwamba alichokifanya kina jina, na wanaokifanya hufungwa. Zilimtia pia ujasiri. Kikulacho ki nguoni mwako, sawa, lakini si lazima ukiache kikule mpaka ufe. Mwaka huu akaamua kwamba Manyanda akija mjini atamuuliza uso kwa uso, kisha waende kituoni wote wawili, mwenye katambuga na aliyesiriba. Alitaka kwanza amwone anavyobadilika sura, kama wale wapelelezi wanavyofanya.

Manyanda alikuja masika, kutafuta dawa za ng'ombe, akafikia kwa dada yake. Jumapili baada ya chakula Kabula akaweka ile sehemu aliyoichagua wiki nzima. Mvua ilipiga bati hata Audace akawa anasoma kwa kupaza sauti. Mpelelezi aliona alama ya kiatu kwenye theluji, akawazuia watu, akazungushia utepe, akamimina kitu kizito kama uji, na kilipokauka akaubeba unyayo mzima kama ulivyo. Kwa unyayo huo wakampata muuaji, mzee mpole aliyekuwa akiwapelekea wafiwa chakula. Kabula hakuwa anatazama kioo. Alikuwa anamtazama mdogo wake.

Uso haukubadilika. Manyanda alimaliza mfupa wake wa kuku, akafuta mikono, akamuuliza shemeji yake kama yule muuaji ana ndugu. Audace akasema hapana, wamesema anaishi peke yake. Manyanda akatikisa kichwa kwa huruma.

"Ndo maana wamemkamata," alisema. "Hana dada."

Audace akacheka, akasema shemeji naye kwa utani hajambo. Manyanda hakucheka. Alimgeukia Kabula, na machoni mwake hakukuwa na hofu wala aibu. Kulikuwa na shukrani.

"Mimi Mungu hakuninyima, dada," alisema taratibu. "Wala sijakusahau."

Basi alikuwa anajua, na alijua tangu siku ile. Yale magunia ya karanga yaliyofika kila mavuno, ile asali ya Inyonga, yule mbuzi wa kila Krismasi, vyote alivyovipokea na kujisifu kwa majirani kwamba ana mdogo mwenye upendo, vilikuwa asante ya sakafu. Naye alikuwa ameshavila. Swali alilolibeba miaka minne lilikuwa limejibiwa kabla hajafungua kinywa, na kwenye jibu lile na yeye alikuwamo. Alimchukia Manyanda. Alijichukia mwenyewe zaidi.

Audace aliuliza aweke sehemu ya mwisho, ile ya mahakamani. Manyanda akasema aweke tu, aone wenzetu wanafungana miaka mingapi. Kabula akainuka, akasema anakwenda kubandika maji ya kuoga ya mgeni.

Maji yalipochemka alisikia akiitwa kutoka ndani.

"Dada, njoo uone, wanampeleka."

Kabula akajibu kwamba anakuja. Akayachanganya ya moto na ya baridi, akayapima kwa mkono yasije yakamuunguza mdogo wake, akaibeba ndoo mpaka bafuni.