Chumvi ya Kisima cha Bi Khairiya

Kisima cha Bi Khairiya kule Shela kiliingia chumvi polepole, na yeye, kwa kunywa maji yake kila siku, ulimi ukazoea. Sisi majirani zake tulijua. Tulikunywa, tukasifu, kisha tukaenda kuteta mbali naye, barazani Wiyoni. Mwaka wenyewe ni 1911. Ndipo dadake Mwanamkisi alipokuja kutoka Pate, akapiga funda moja, akauliza, "Dada, mai haya ni ya kunywa au ya kuchemshia samaki?"

Kisima kile marehemu baba yao alikiweka wakfu, wachote watu wote, na Bi Khairiya ndiye msimamizi. Kikiharibika, kimeharibika mkononi mwake.

Fadhil mchimba visima akataka kukizidisha kina. Bi Khairiya akakataa. Cha jirani kilizidishwa kikatoa bahari tupu. Akavizungukia visima vya Shela akionja. Vilivyo chini ya vilima vya mchanga vilikuwa vitamu. Kati ya hivyo kilichoharibika ni chake tu, chini ya kilima alichokuwa akikichimba mchanga Obeid, mume wa bintiye Hadia. Mchanga ule ulichanganywa na chokaa ya nyumba za mjini, na ndio uliomlisha Hadia.

Vuli iliponyesha, akawaita Hadia na mumewe pale kilimani. Mkwe hasemezani na mama mkwe uso kwa uso, basi Hadia akasimama katikati.

"Mwambie mumeo atazame kilimani, kisha atazame shimo lake."

Kilimani mvua ilizama papo hapo. Shimoni mchanga ulikwisha, limebaki jabali. Maji yakajaa, yakafuata ndia waliyopita punda wa mchanga, yakateremka pwani.

"Mwambie mama, maji ya mvua siku zote huenda baharini."

"Mwambie, bahari iko hapa chini ya miguu yetu. Kinachoizuia isipande kisimani ni mvua iliyonywewa na mchanga."

"Nyote mna masikio," alisema Hadia. "Mimi nalowa."

Obeid aliutazama mkondo. "Mchanga wa pwani una chumvi, kuta zake hutoka jasho. Nikiacha hapa, nani atanipa kazi?"

Bi Khairiya alimtazama bintiye, mimba imekwisha kuwa kubwa. "Kisima si changu," alisema, "hata nimsamehe anayekiharibu."

Obeid akawaondoa wachimbaji wake kilimani. Barazani tulimcheka, ati amefungwa kamba na mkwewe. Akaenda kukata mawe Ras Kitau, kazi ya jua na vumbi, na Hadia akaanza kushona kofia.

Masika ikaja, ikapita. Chumvi ilipungua kidogo, labda, tulioonja hatukukubaliana. Bi Khairiya hakungoja tukubaliane. Alikwenda kumtazama mjukuu, akamkuta Obeid amerudi na vumbi la mawe kichwani, anakula. Akakaa nje ya mlango mpaka alipomaliza, maana mkwe akimwona huinuka, naye hakutaka kumwondoa kwenye sahani yake.