Filamu Juu ya Jamvi

Bi Mwanamize aliposhuka garini Ole na mgeni wake, alikuta uani kwake majamvi manne ya kuanikia karafuu yametandikwa, na juu yake hamna hata chembe. Palikuwa na mikanda ya filamu, imekunjuliwa yote, inang'aa juani kama matumbo ya ng'ombe wa Idi. Katikati yake mdogo wake Khatib, mzee mzima wa miaka hamsini na minane, kapandisha suruali magotini, anaivuruga kwa nyayo taratibu, upande huu uote jua, kisha upande wa pili.

"Karibuni, karibuni!" akasema Khatib, kwa furaha ya mtu anayengoja sifa zake. "Leo siku ya pili. Kesho zishakauka hizi."

Ulimi wa Bi Mwanamize ulikuwa bado unatafuta tusi la kumtosha.

Marehemu baba yao, Mzee Othman, alikuwa fundi wa mashine katika sinema moja ya Chake Chake. Ilipofungwa, wenyewe walimwachia makopo matano ya katuni kongwe, nyeusi na nyeupe, za wakati ule filamu ndiyo kwanza zinajifunza kutoa sauti. Zilikuwa za dakika saba saba, za kuwachekesha watu kabla ya picha kubwa. Moja, ya kuku, haikujulikana kama ina nakala nyingine popote. Miaka mitatu Bi Mwanamize, mwalimu mstaafu, aliandika barua, akapuuzwa, akaandika tena, mpaka Unguja wakamtuma Ghada, fundi wa kuhifadhi filamu, aje kuyachukua akayanakili. Bi Mwanamize akaenda Chake kwa bintiye siku mbili ili ampokee mgeni uwanja wa ndege. Ufunguo wa sanduku la makopo akamwachia Khatib.

"Nani kakwambia ufungue?"

"Zilikuwa zinanuka, dada. Siki tupu! Nikasema hizi zishachacha. Karafuu mbichi ukiirundika inaharibika, inakuwa mpeta, sembuse kitu kilichofungiwa miaka arubaini? Dawa yake jua."

"Karafuu!"

"Na nimezilinda, wallahi. Jana mvua ilidondoka tone moja tu, nishazishindilia zote kwenye gunia."

"Kwenye gunia," Bi Mwanamize akarudia, polepole, kama anayesomewa hukumu.

Ghada alikwisha piga magoti kando ya jamvi, amevaa glavu nyeupe. Hata glavu zile zilimkera Bi Mwanamize. Ni kufunga mlango kwa komeo wakati mwizi keshafika bandarini Wesha na televisheni yako.

"Siki ile ndiyo ugonjwa wake kweli," Ghada akasema.

"Si nilisema!" Khatib akadakia.

"Lakini tiba yake ni baridi, Mzee Khatib. Jua ndilo linaloumaliza mkanda." Akauinua mmoja, umejikunja kama gome. "Bi Mwanamize, picha za kuku zipo. Nitazinyoosha, nizinakili moja moja. Sauti ndiyo..." Akaonyesha mstari mwembamba ubavuni mwa mkanda. "Sauti yote imo humu. Na humu ndimo mchanga ulimosaga."

"Yote?"

"Yote. Nisamehe, mama yangu."

Hapo ndipo ulimi ulipopata kazi.

"Ewe Khatib! Unajua ulichofanya? Kuku kumi na wawili wanataga kwa mapigo ya ngoma! Yai, du! Yai, du! Jogoo anapiga zumari, sufuria zinaitikia! Watu walirudi majumbani wanapiga mluzi wimbo ule. Sasa kuku watafunua midomo na hakitoki kitu, kama weye ulivyokuwa darasani!"

"Basi si tutie taarabu?" Khatib akajitahidi. "Udi na mayai vinakwenda."

Kiatu kikaruka. Khatib akakwepa, akakanyaga mkanda. Krrr!

"Simama hapo hapo! Usikanyage tena!"

Khatib akasimama kwa mguu mmoja, mikono imetanda, kama korongo aliyepotewa na maji. Ghada akageuza uso, mabega yakimtikisika. Bi Mwanamize hakuona cha kuchekwa.

"Miye nilidhani naziokoa, dada," Khatib akasema, sauti imeshuka.

"Najua. Ndiyo inayoniuma. Ungekuwa mwizi ningekupeleka polisi. Sasa nikupeleke wapi?"

Ghada akakohoa. "Unguja wapo wapigaji wazuri. Wanaweza kuitungia muziki mpya."

"Ng'o! Nakili hivyo hivyo, kimya. Na kila itakapoonyeshwa, hapa au Chake, huyu atakaa kiti cha mbele. Mtoto akiuliza mbona kuku hawana sauti, nani atamjibu?"

"Miye," akasema Khatib, mguu bado uko juu.

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia nilizianika."

"Na?"

"Nikazivuruga kwa nyayo."

"Haya. Shusha mguu. Hapo pembeni, kwenye mchanga. Polepole."